Kona ya Edah

"Basi niuzeni na mimi pamoja nalo," alisema Mzee Phanuel, akaegemea boneti na kukunja mikono, kama mtu anayeziba mlango wa boma kwa mwili wake.

Elkanah, mwanawe wa kwanza, aliinua macho akatazama mawingu. Alikuwa akisema maneno yale yale tangu chai ya asubuhi, na sasa chai ilikuwa imepoa mezani na kuku walikuwa wameingia sebuleni, kwa kuwa hakuna aliyepata nafasi ya kuwafukuza. Hakuna anayemuuza Baba, alieleza tena. Kinachouzwa ni gari. Gari linalozimika katikati ya barabara ya Malava, kwenye kona ya msituni, mahali ambapo matrela ya miwa hushuka yakiwa yamejaa mpaka miwa inakwaruza matawi ya juu. Juma lililopita dereva mmoja wa trekta alikuwa ameingia mtaroni ili asimgonge mzee. Alikuja mwenyewe hadi hapa Lurambi kuwaambia watu wa nyumbani. Nilimkuta mzee ameketi ndani ya gari, alisema dereva huyo, ukungu umeshuka, taa hazijawashwa, na alikuwa anatabasamu.

"Anatabasamu," Elkanah alirudia. "Trela linamjia mgongoni, na yeye anatabasamu."

Mzee Phanuel alikaza mikono aliyoikunja. Ilikuwa kweli.

Mnunuzi alikuwa ameshapatikana, mkulima wa mahindi wa upande wa Lugari aitwaye Kipruto, mtu mpole, na angefika saa kumi alasiri siku hiyo hiyo. Elkanah alimpenda baba yake, na ndiyo maana alikuwa amefanya haraka.

Aliyekuwa bado hajasema neno ni Jescah, binti wa pekee. Alikuwa amewaacha watoto wake watatu kwa jirani huko Eldoret, akapanda gari la jioni akiwa na kisanduku cha spana mapajani, akafika nyumbani na kulala bila kuuliza habari za mtu. Jescah alikuwa na diploma ya ufundi wa magari na mdomo usiojua kuzungusha maneno. Sasa alikuwa ameinama, anachungulia chini ya gari.

"Ng'ombe akiugua, unamuuliza kwanza anaumwa nini," alisema. "Kumuuza ni baadaye. Baba, toka hapo juu nifungue."

"Gari halina ugonjwa," alisema mzee.

"Linazimika."

"Linapumzika."

"Gari halipumziki, Baba. Gari si ng'ombe."

Elkanah alisema kwamba ni yeye Jescah aliyeanza habari za ng'ombe. Jescah hakumjali. Aliwatazama wote wawili kwa zamu, kama alivyozoea kuwatazama wanawe wakigombania kiti, kisha akatoa uamuzi wake. Wampe muda mpaka alasiri. Akimaliza, wote watatu wataingia garini, Baba kwenye usukani, waende hadi Malava na kurudi. Gari likizimika hata mara moja, Kipruto alichukue na mtu asilie. Lisipozimika, Elkanah asitaje tena mnunuzi katika boma hili.

Elkanah alifikiri, akakubali. Alijua Kakamega nzima hakuna fundi aliyekuwa ameliweza gari lile.

Mzee Phanuel alibanduka kwenye boneti polepole. Aliona njia zote mbili mbele yake, na kila moja ilikuwa inamnyang'anya kitu. Gari likiuzwa, hatakuwa na namna ya kufika kwenye ile kona. Likipona, halitakuwa na sababu ya kusimama pale. Na kusimama pale ndiko kulikomfanya aendelee kuishi.

Habari yenyewe ilianza zamani, miaka michache baada ya uhuru, alipokuwa dereva wa lori la mbao. Siku moja lori lilichemka kwenye kona ile, karibu na njia ya kuingilia Buyangu. Mvuke ulipanda mpaka mbega wakakimbia juu ya miti. Alikuwa amesimama akipepea rejeta, ile ya kupoza maji ya injini, kwa kofia, kazi ya mpumbavu, pale msichana mmoja alipotoka msituni na mzigo wa kuni kichwani. Alimtazama kwa muda, akacheka, akatua kuni zake juu ya jiwe. Kisha akachukua kopo la lori bila kuombwa, akashuka kijitoni, akarudi na maji. Akaenda tena. Akaenda tena. Huyo ndiye aliyekuwa Edah, aliyekuja kuwa mke wake.

Kesho yake fundi mmoja mjini alimfungulia injini na kumwonyesha kilichosababisha. Kilikuwa kidude cha shaba, kidogo kama ngumi ya mtoto, chenye kifuniko katikati. Thamostati, fundi alisema. Kazi yake ni kufunga maji ya injini mpaka yapate moto, kisha kuyafungulia. Sasa hiki kimekwama kikiwa kimefunga. Hivi ni vitu vya nchi za barafu, fundi alisema, hapa kwetu ni vya kutupa. Akakitupa. Na tangu siku hiyo, kila gari lililopita mikononi mwa Phanuel lilitolewa thamostati kabla ya kitu kingine chochote. Hakuwa peke yake. Madereva wote aliowajua walifanya hivyo, na mafundi wote, na wanafunzi wa mafundi. Gari likifika Kakamega lilivuliwa kidude hicho kama vile mgeni anavyovuliwa koti.

Hata hili la sasa, la Kijapani, ambalo lilikuwa limetembea miaka mingi kwao kabla ya kuletwa kwa meli, alilivua kabla hajaliosha vumbi la safari. Edah alikuwa hai bado. Alikishika kile kidude akakigeuzageuza.

"Hiki ndicho kilichonitoa msituni?" aliuliza.

"Huyu ni mjukuu wake."

Edah alicheka kicheko chake kile kile cha kando ya barabara, akaingia nacho ndani, na mzee hakukiona tena kwa siku nyingi.

Edah alikufa wakati wa masika. Walimzika, siku ya tatu wakanyoa nywele kama ilivyo desturi, wageni wakatawanyika. Jumapili iliyofuata Mzee Phanuel aliwasha gari aende kutazama miwa yake upande wa Malava. Taa ndogo ya njano ilikuwa imewaka kwenye dashibodi, taa yenye umbo la injini ambayo hakuwahi kuiona, naye hakuijali. Alipoingia msituni ukungu ulimfunga. Barabara ilianza kuteremka. Aliondoa mguu kwenye mafuta, gari likateleza kwa ukimya kuelekea kwenye kona, likakohoa, likakohoa tena, likazimika pale pale, karibu na kijito.

Ukimya ulioingia ndani ya gari haukuwa mtupu. Maji yalidondoka majanini, tone moja baada ya jingine, kama mtu anayehesabu polepole asipitwe na kitu. Injini ilikuwa inapoa, ikitoa sauti ndogo za chuma. Ndege mkubwa wa bluu alipita juu ya boneti bila kupiga mbawa. Kisha akasikia harufu ya uyoga na moshi wa kuni mbichi, harufu ya leso ya Edah, ikitoka kiti cha nyuma. Hakugeuka. Alijua kwamba akigeuka ataona kiti kitupu tu. Na kutoka nyuma sauti ya Edah ikamwambia mambo madogo: mlango wa ghala haufungiki vizuri, yule mbuzi mweusi ana mimba, usilale na shati lenye maji. Mambo ya kila siku. Baada ya muda sauti ikanyamaza yenyewe, naye akageuza ufunguo, na gari likawaka kana kwamba halikuwahi kuzimika.

Mbuzi mweusi alizaa.

Tangu hapo alikwenda kila Jumapili, na kila Jumapili gari lilizimika mahali pale pale. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mchungaji angemwombea, na Elkanah angemtafutia daktari.

"Ingia ndani, Baba," Jescah alisema, na sauti yake ikamrudisha uani. "Nataka macho yako."

Alikuwa amefungua boneti na kufungua kifuniko cha kiboksi cheusi, kidogo kama sanduku la kiberiti, kilichobanwa kando ya injini. Ndani yake palikuwa na matundu. Alikunja kipande cha waya kama herufi ya U, akakiingiza kwenye matundu mawili. Magari haya ya sasa, alieleza, yana kompyuta ndogo inayopima kila kitu. Ikiona kasoro inaiweka akilini na kuwasha ile taa ya njano. Ukiiunganisha hapa, inakujibu kwa kukonyeza. Inakonyeza makumi, inapumzika, inakonyeza mamoja. Yeye angebaki hapa nje kushika waya, kwa sababu matundu yalikuwa yamelegea. Baba akae kwenye usukani, ageuze ufunguo bila kuwasha injini, amsomee taa.

Elkanah aliuliza kwa nini asiitwe yeye mwenye macho ya kijana. Jescah alimwambia akafukuze kuku sebuleni.

Mzee Phanuel aliingia, akafunga mlango, akageuza ufunguo. Ndani palikuwa na joto tulivu. Boneti iliyoinuliwa ilikuwa imeziba kioo chote cha mbele, hivyo ilikuwa kama kukaa chumbani pazia likiwa limeshushwa. Taa ya njano ilizimika. Kisha ikaanza.

Ikakonyeza mara mbili. Ikatulia. Ikakonyeza mara sita. Ikatulia zaidi, kisha ikarudia, mbili, sita, bila haraka, bila kuchoka, kama kitu ambacho kimekuwa kikisema hivyo siku zote gizani na hakuna aliyekisikiliza.

Alikumbuka usiku aliozaliwa Jescah. Mtoto alilia, akakataa ziwa. Wazee wa kike walikaa kumzunguka Edah na kuanza kuwaita marehemu wa ukoo, jina baada ya jina, kwa sauti ya chini, huku Edah akimsogezea mtoto ziwa kila jina lilipotajwa. Walipita majina ya akina nyanya na mashangazi, na mtoto alilia tu. Walipotaja Nekesa, jina la mama yake Phanuel, mtoto alinyamaza akashika ziwa. Ndiyo maana mpaka leo alimwita binti yake Mama. Na wazee wale walimwambia neno moja asilisahau: anayelia usimpe jina lisilo lake ili tu anyamaze. Atanyamaza, lakini hatakua.

"Inasema nini?" Jescah aliuliza nyuma ya boneti.

Yeye peke yake ndiye aliyeiona taa. Angeweza kusema nne na moja. Angeweza kusema tatu na tano, na Jescah angehangaika kutafuta ugonjwa usiokuwepo mpaka alasiri. Midomo yake ilikuwa imeshafunguka. Taa ilikonyeza, ikasubiri, ikakonyeza.

"Mbili," alisema. "Halafu sita."

"Una hakika?"

"Inarudia ile ile, Mama. Mbili, sita."

Jescah hakuhitaji kutafuta maana popote. Ishirini na sita, alisema, mafuta yamezidi hewa. Alifungua plagi zinazowasha moto wa injini na kuziweka juu ya gazeti, zote nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Elkanah, aliyekwisha kufukuza kuku, aliinama kuzitazama na akasema kwamba wale mafundi wa mjini pia walizikuta nyeusi, wakazisafisha, na kesho yake zikawa nyeusi.

"Walisafisha pua bila kuuliza mafua yametoka wapi," Jescah alisema.

Alizipiga brashi, akazirudisha, akawasha injini. Kisha akafanya kitu ambacho hakikuonekana kama kazi: aliweka kiganja juu ya bomba la mpira linalotoka injini kwenda rejeta, akafumba macho, akasimama tu. Muda ulipita. Mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya migomba, na mzee aliona namna binti yake alivyosimama, kichwa kikiwa kimeinamia upande mmoja, akamkumbuka Edah akiupima joto mgongo wa mtoto.

Alipofumbua macho, Jescah alichungulia mshale wa joto. Ulikuwa umelala chini kabisa, haujainuka hata kidogo.

"Baba. Ulitoa thamostati?"

Elkanah alicheka kabla mzee hajajibu. Nani hapa Kakamega aliye nayo, aliuliza.

Jescah hakucheka. Aliwaeleza taratibu, kwa namna yake ya kukata maneno vipande vipande kama mboga. Injini isiyo na thamostati haipati joto. Kompyuta inaipima, inaikuta baridi, inadhani ndiyo kwanza imeamka. Na injini iliyoamka sasa hivi hupewa mafuta mengi, kama mgonjwa anavyonyweshwa uji. Basi inaendelea kuinywesha uji safari nzima. Kwenye jua la mjini inavumilia. Ikifika msituni, kwenye ukungu, mteremko, dereva ameondoa mguu, inapoa zaidi, na uji unamwagwa zaidi, mpaka inapaliwa. Inazimika. Ikikaa kidogo mafuta yanakauka kwenye plagi, inawaka tena.

"Kwa hiyo ni baridi tu," alisema Mzee Phanuel.

"Ni baridi tu."

Alitikisa kichwa kukubali. Ndani ya kifua chake kitu kilikaa chini polepole, kama mtu mzima anayekalia kigoda kifupi.

Dawa yake, alisema Jescah, ni thamostati. Elkanah alikuwa ameshakuwa na jibu. Hakuna duka hapa mjini linaloziuza; nani atanunua kitu ambacho kila mtu anakitupa? Labda Kisumu, na leo haiwezekani. Alilisema bila furaha, lakini alilisema kama mtu aliyemaliza.

Jescah alikaa juu ya kisanduku chake na kujifuta mikono.

Mzee Phanuel aliingia nyumbani. Chumbani, juu ya kabati, palikuwa na kopo la kakao ambalo Edah aliwekea vifungo. Alikuwa amelifungua mara moja tu tangu mazishi, akitafuta kifungo cha shati, na alipoona kilichokuwa ndani alilifunga upesi. Sasa alilishusha, akaketi nalo kitandani. Akikaa hapa bila kusema neno, binti yake atashindwa, gari litaondoka na Kipruto, na yeye hatajilaumu kwamba alisaidia kulitengeneza. Lakini kona atakuwa ameipoteza vilevile. Alitia vidole ndani. Vifungo vilimteleza mkononi, vya gauni la harusi, vya sare za shule za watoto, vya koti lake la udereva, na katikati yao kile kidude cha shaba, kizito, baridi.

Alikitoa nje na kopo lake.

Jescah alilitambua kopo kabla ya kukitambua kidude. Alinyoosha mkono akagusa vifungo kidogo, kisha akauondoa. "Tukichemshe," alisema. "Tuone kama bado kinaishi."

Jikoni moto wa asubuhi ulikuwa haujafa. Jescah aliweka sufuria ndogo ya maji, akafunga kidude kwa uzi wa katani na kukining'iniza ndani yake kutoka kwenye mwiko. Walikaa wawili, kila mmoja kwenye kigoda chake. Elkanah alikuwa barabarani kumngoja Kipruto. Nje matone ya kwanza yalianza kugonga mabati, mvua ya Kakamega ambayo haikosi miadi yake ya mchana. Maji yalitoa vipovu vidogo. Na hapo, akitazama maji wala si uso wa binti yake, Mzee Phanuel alisimulia. Alimweleza habari ya Jumapili zote, harufu ya leso, mbuzi mweusi. Alisema kwamba haogopi kifo cha trela. Anachoogopa ni kupita pale na kutosikia kitu.

Jescah alisikiliza hadi mwisho. Hakusema pole.

"Mama hakuwahi kuzima kitu maishani mwake," alisema. "Alikuwa mtu wa kuwasha. Akiingia nyumba ina giza, anatugombeza sote."

Mzee alikubali kwamba ndivyo alivyokuwa.

"Kama anazungumza nawe au hazungumzi, Baba, mimi sijui, na shuleni hawakunifundisha. Ninalojua ni kwamba trela la miwa halisikii." Alichochea moto kidogo. "Nikirudisha hiki, gari halitazimika pale tena. Nisiporudisha, anakuja Kipruto. Gari ni lako. Sema."

Ndani ya sufuria kidude kilikuwa kinaning'inia majini kama jicho lililofumbwa. Kisha, bila sauti, kifuniko chake cha katikati kikaanza kuachana na ukingo. Ufa mwembamba, halafu mwezi mwandamo, halafu kikafunguka chote, na vipovu vikapita katikati yake kuelekea juu. Wote wawili waliinamia sufuria. Kilikuwa kimekaa na vifungo muda wote huo, kikavu, gizani, na kilikuwa bado kinakumbuka kazi yake.

"Rudisha," alisema Mzee Phanuel.

Kazi iliyobaki ilikuwa fupi. Jescah alikata gasketi ya kuzuia maji yasivuje kutoka kwenye boksi la viatu, akaipaka grisi, akakaza boliti, akajaza maji. Alitenganisha betri kwa muda ili kompyuta isahau, akaiunganisha, akaiacha injini ipate moto mpaka mshale wa joto ukainuka na kusimama katikati, mahali ambapo mzee hakuwahi kuuona. Mwisho alirudisha ule waya kwenye matundu na kumwita tena asome.

Taa haikusema namba. Ilikonyeza mfululizo, sawasawa, bila kutua, upesi na laini, kama moyo wa mtoto aliyelala. Mzee alimweleza. Jescah alisema hiyo ndiyo namna yake ya kusema haina la kusema.

Kipruto alifika na mwavuli, akasalimia, akapewa chai na kiti barazani. Alielezwa makubaliano na hakuyapinga. Angengoja. Mbuzi mweusi na wanawe walikuja kumnusa viatu.

Mvua ilikuwa imepungua walipotoka. Mzee Phanuel alishika usukani, Jescah akakaa kando yake, Elkanah akakaa nyuma, kiti kile. Walivuka mashamba ya miwa na wanawake waliobeba majani ya ng'ombe, wakaiacha njia panda, na miti ikaanza kusogea karibu. Injini iliimba kwa sauti ambayo hakuizoea, nzito na ya kuridhika. Kisha ukungu ukawapokea. Vigogo vya miti vilijitokeza kimoja kimoja na kufifia, kama watu wanaokuja kutoa mkono wa pole na kuondoka. Mvuke ulipanda kutoka lami yenye maji. Alihisi anaendesha chini ya ziwa.

Mteremko ulianza. Mguu wake ulijiondoa kwenye mafuta kwa mazoea. Gari liliteleza, miti ikapita, kona ikafunguka mbele yake na kile kijito, na lile jiwe ambalo Edah alitua kuni zake juu yake. Alisubiri kikohozi. Alisubiri kwa mwili wote, kama anayesubiri kuitwa jina.

Injini haikukohoa. Ilinguruma taratibu, jiwe likapita dirishani, kijito kikapita, na nyuma Elkanah akatoa pumzi ndefu akasema basi, yamekwisha, Kipruto atakuwa amekunywa chai ya bure.

Mzee Phanuel alisikia sauti ya mwanawe ikitoka kiti cha nyuma. Hakusikia nyingine. Mbele barabara ilianza kupanda kuelekea mwangani, na mkono wake ulikuwa juu ya gia, na alijua kwamba akiibadilisha sasa atakuwa amepita.

Alitazama kioo. Hakukuwa na trela. Alisimama, akarudisha gari nyuma taratibu mpaka usawa wa kijito, akawasha taa ya pembeni, akaliingiza lote kwenye uwanja wa nyasi kando ya jiwe, magurudumu yote manne mbali na lami. Wakati gari lilipokuwa likimchagulia mahali, halikuwahi kumsogeza hapa; lilimwacha katikati ya lami.

"Baba," Elkanah alisema, "tulikubaliana lisizimike."

"Halijazimika," alisema Mzee Phanuel. "Lisikilize."

Walilisikiliza wote watatu. Lilikuwa linanguruma bila kasoro, likiwa na joto lake. Jescah alifungua mlango akatoka, akamfungulia kaka yake wa nyuma na kumshika mkono wa koti, akamtoa nje bila maneno, akachukua kopo la maji kwenye buti na kushuka naye kijitoni, kuteka maji ambayo gari halikuyahitaji.

Mzee Phanuel alishusha kioo cha dirisha. Harufu ya majani yaliyolowa iliingia. Akashika ufunguo, akaugeuza, akaizima injini mwenyewe.